Kilomita Kumi na Moja

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, Bwana Nitafikiria alikuwa amepiga magoti kwenye uwanja wa yadi ya magari akipima kina cha matairi kwa sarafu. Alitandaza gazeti chini ili suruali isishike vumbi. Alishapima la mbele kulia, la mbele kushoto, la nyuma kulia, na sasa alikuwa kwenye la nne. Kila alipochomoa sarafu aliandika kitu kwenye kijitabu chake, akakifunga, kisha akakifungua tena kuhakiki alichoandika. Meneja wa yadi alisimama pembeni akichokoa meno, kama mtu anayengoja mvua ikatike.

"Matairi hayajambo," alisema Meneja.

"Hilo niachie mimi."

Gari lilikuwa la rangi ya majivu, milango minne, na halijawahi kuwa na mwenyewe. Lilikuwa gari la kujaribia, lile ambalo yadi huliweka mbele ili kila mteja alikalie, alipigie honi, alizungushe mitaa miwili na kulirudisha. Kwenye kioo cha mbele walibandika karatasi nyekundu ya punguzo, robo nzima ya bei. Mita ilisoma kilomita elfu nne mia tisa na tatu. Kwenye kiti cha abiria cha mbele, mkanda umefungwa na ubao wa kubania karatasi uko mapajani, alikaa muuzaji waliyemwita Dada Karibu, aliyefariki mwaka jana.

"Na huyu?" aliuliza Nitafikiria bila kumtazama.

"Huyo anakwenda na gari."

"Anakwendaje na gari?"

"Amefunga mkanda. Tumejaribu kuufungua, haufunguki. Fundi amekuja mara mbili."

Dada Karibu aligeuza shingo dirishani. Alikuwa amevaa sare ya yadi, shati jeupe na kitambaa cha bluu shingoni, na nywele zake zilikuwa zimechanwa vizuri. "Karibu, kaka," alisema. "Kiyoyozi chake kinapoza mbele na nyuma."

Nitafikiria aliinama tena kwenye tairi, ingawa alishalipima.

Jina lake halisi yadi hawakulitumia. Kwa miaka minne alikuwa mnunuzi wa gari, yaani alikuwa akifika kwenye yadi hii au ile kila mwanzo wa mwezi, anafungua maboneti, ananusa oili, anauliza maswali ambayo hata kiwanda hakijawahi kujiuliza, halafu anasema "Nitafikiria" na kuondoka zake. Kazini kwake napo walimwita hivyohivyo. Alikuwa mhakiki wa madai katika shirika la bima, na kazi yake ilikuwa kusoma yale maneno madogo ambayo wenye nyumba zilizoungua hawakuyasoma. Aliifanya vizuri. Watu walikuwa wanaingia ofisini kwake wakilia na kutoka wakitukana, naye aliona hayo yote ni kelele tu za watu wasiosoma.

Mama yake, aliyekaa naye, hakumwonea huruma. "Mimba yako niliibeba miezi kumi kamili," alikuwa akimwambia mbele ya wageni. "Hata tumboni ulikuwa unafikiria."

Mama huyo alifanya kazi miaka thelathini kama mhudumu wa wodi, akitandika vitanda vya waliopona na vya waliokufa. Sasa figo zake zilikuwa zimegoma, zote mbili, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alipelekwa hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Alikwenda kwa teksi ya kukodi. Ijumaa, yaani jana yake, mwenye teksi alipata abiria wa mbali akaona huyo analipa zaidi. Mama alikaa kwenye ukuta mfupi wa hospitali kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja, jua linamshukia utosini, bandeji mkononi, mkoba magotini. Mwanawe alikuwa ofisini na simu ameizima kwa sababu alikuwa anasoma. Mama alifika nyumbani midomo imekuwa myeupe na miguu imevimba hadi kandambili hazikuingia.

"Gari au jeneza," alimwambia mwanawe akiwa bado mlangoni. "Chagua utaninunulia lipi kwanza."

"Mama, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Wewe endelea tu kuchelewa, baba. Chelewa chelewa, utakuta mama si wako."

Nitafikiria hakulala vizuri. Alimpenda mama yake, tusimnyime hilo. Alimpenda kwa namna yake, ya kumhesabia vidonge na kumsomea karatasi za dawa mpaka nukta ya mwisho. Yule mama ndiye mtu pekee duniani ambaye akimsifu, sifa ile ilimkaa siku nzima. Asubuhi aliamka, akavaa, akarudi kwenye yadi ambayo alikuwa hajakanyaga kwa mwaka mmoja na mwezi mmoja, kwa sababu ndiyo yadi pekee yenye gari lililomtosha kwa bei.

"Kilomita elfu nne na mia tisa kwa gari la kujaribia ni nyingi," alisema sasa, akikung'uta magoti. "Mngekuwa mnalifanyia teksi zingekuwa hizohizo."

"Mia sita na kumi na tatu ni za wateja," alisema Meneja. "Zilizobaki ni zake."

"Zake nani?"

Meneja alinyoosha kijiti cha meno kuelekea kiti cha mbele. "Kumi na moja kila siku. Saa tano na dakika arobaini. Ukitaka kuhakikisha, kaa. Si una muda wewe."

Alikaa. Alitandaza lile gazeti kwenye ngazi za ofisi akalikalia. Mlinzi wa getini alimletea kiti bila salamu, akakiweka mbali kidogo naye. Saa tano na dakika arobaini, gari likiwa limesimama na ufunguo wake ukining'inia ofisini, mita ilianza kutembea. Ilisogea taratibu, kwa mwendo wa gari linalokwenda mjini na kusimama kwenye taa. Dada Karibu alikuwa ameshika mpini wa mlango na kutazama mbele. Kabla ya saa sita namba zilisimama kwenye elfu nne mia tisa na kumi na nne. Matairi hayakuwa yamezunguka hata mara moja. Nitafikiria alichungulia chini ya gari, akaona jani kavu bado limelala palepale chini ya tairi la nne, akaliandika.

"Umeridhika?" aliuliza Meneja.

"Ni umbali wa kutoka hapa mpaka wapi?"

"Usijifanye hujui. Mpaka geti la hospitali."

Na kweli alijua. Tusifichane: alijua kuliko Meneja.

Mwaka uliopita, siku ya Alhamisi, Nitafikiria aliomba ruhusa kazini akaja kuangalia gari hilihili, wakati huo likiwa jipya kabisa, plastiki bado kwenye viti. Dada Karibu alimjia na fomu. Jasho lilikuwa linamtiririka na mkono wa kushoto ameukunja kifuani. Asubuhi hiyo alikuwa ameshamwendea Meneja, akamwambia kifua kinambana, anaomba gari limkimbize hospitali. Meneja alimwonyesha sheria iliyobandikwa ukutani: gari la kujaribia halitoki getini bila sahihi ya mteja. Halafu akamwambia, mbona mteja yule pale, mpitishe njia ya hospitali, umalize mambo mawili kwa safari moja. Meneja aliona amemsaidia sana.

"Kaka, saini hapa tu tutoke," Dada Karibu alimwambia Nitafikiria. "Ni kilomita kumi na moja. Utalijaribu vizuri, na mimi unishushe hospitali. Sijisikii vizuri."

Nitafikiria alikuwa amezunguka yadi nyingi. Alishaambiwa bei inapanda kesho. Alishaambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa mkononi. Aliambiwa na mmoja kwamba mtoto wake hajala. Alimtazama Dada Karibu akasema moyoni, leo wameleta la kifua. Hata hivyo alichukua fomu. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, namba ya simu, namba ya leseni, na saa ya kutoka: tano na dakika arobaini. Kisha, kabla ya kusaini, akaanza kusoma masharti, ambayo yalikuwa kumi na manne.

Kwenye sharti la tisa alisimama. Mteja atawajibika kwa lolote litakalotokea ndani ya gari.

"Lolote, maana yake nini?" aliuliza.

"Kaka, tafadhali."

"Neno kama lolote huwezi kuliacha wazi hivi. Lolote!"

"Kaka."

Akamrudishia ubao. "Nitafikiria," alisema, akaenda zake kungojea basi. Kalamu aliyopewa aliitia mfukoni mwa shati kwa mazoea.

Dada Karibu aliingia kwenye gari, akafunga mkanda, akakaa kungojea mteja mwingine. Siku za Alhamisi yadi haina watu. Mlinzi alikuwa getini na geti lilikuwa wazi. Alimwona vizuri tu kupitia kioo, na sheria aliijua kwa moyo. Saa tisa walipokwenda kumwita apokee simu walimkuta bado anangoja, ila alikuwa ameshafariki. Walimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye kiti chake. Meneja hakumfuta kwenye zamu, kwa kuwa alikuwa anafika kwa wakati. Mshahara ndio alioufuta, maana ulikuwa wa wafanyakazi walio hai. Ile karatasi ya ukutani ilikuwa imeanza kujikunja pembe, basi wakaitilia fremu.

Habari hizo Nitafikiria alizipata mwezi uliofuata kutoka kwa Mlinzi, palepale getini, kabla hajaingia. Alisema "Pole zenu," akageuka, na tangu siku hiyo akawa anakwenda yadi nyingine. Kalamu aliiweka kwenye droo pamoja na betri zilizokwisha.

Sasa Meneja alimsogelea, akapunguza sauti, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia isipokuwa marehemu.

"Bwana mkubwa, tusizungushane. Fomu ile bado iko kwenye ubao wake. Jina lako liko pale kwa herufi kubwa. Kila mteja anayekaa kwenye hilo gari anaisoma, kwa sababu anawaonyesha. Mimi nataka gari litoke yadini kwangu. Wewe unataka jina lako litoke machoni pa watu. Chukua gari."

"Unanitisha?"

"Nakuuzia."

"Wewe ndiye uliyemnyima gari."

"Na wewe ndiye uliyemnyima sahihi. Tutashindana nani alinyima zaidi? Mimi nina sheria. Wewe una nini?"

Nitafikiria alihisi shingo inapata moto. Alimchukia Meneja kuanzia kijiti mpaka viatu. Alimchukia Mlinzi na kile kiti alichokiweka mbali. Zaidi ya wote alimchukia Dada Karibu, aliyekaa kwa utulivu kana kwamba yeye ndiye mnunuzi na Nitafikiria ndiye bidhaa. Aliona kilichomkabili. Akiliacha gari, Jumatatu mama yake atapanda tena teksi na huenda akaanikwa tena ukutani. Akilinunua, mama atakaa kiti cha nyuma, karibu kabisa na ubao ule. Mama alikuwa mzungumzaji, na alikuwa na miwani.

Ila karatasi ni karatasi, aliwaza. Gari likiwa langu, karatasi iliyomo ni yangu, na ya kwangu nitaichana.

Wazo hilo lilimpa nguvu, akaanza kupatana bei.

"Kilomita elfu nne mia tisa," alisema. "Injini imechoka."

"Injini haijazunguka. Umeona mwenyewe."

"Mnunuzi wa baadaye ataangalia mita, hataangalia jani. Punguza."

Meneja alipunguza. Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa: Nitafikiria alipunguziwa bei kwa ajili ya kilomita ambazo zisingekuwepo kama angesaini. Halafu akaendelea.

"Na kiti. Gari la watu watano, hili linabeba wanne."

"Ah, wewe!"

"Kimekaliwa, hakikaliwi tena. Kama kingekuwa kimechanika ungepunguza. Punguza."

"Una roho ngumu, bwana."

"Nasoma tu ninachouziwa."

Meneja alitupa kijiti, akapunguza tena. Dada Karibu alikuwa anawasikiliza wote wawili. "Kiti cha mbele kinarudi nyuma na kulala, kaka," alisema. "Safari ndefu huchoki."

Mkataba wa mauzo ulikuwa na kurasa nane. Nitafikiria alizisoma zote, akasaini zote, kila ukurasa chini kulia, kwa kalamu ya ofisi aliyohakikisha ameirudisha. Alipoketi nyuma ya usukani, Dada Karibu alimgeuzia ubao.

"Kalamu yangu unayo, kaka?"

"Sina."

"Saini hapa tu, tutoke."

"Gari limeshakuwa langu. Halihitaji sahihi kutoka."

Mlinzi alifungua geti kabla hajaambiwa, na gari likatoka. Njia nzima Dada Karibu aliushika ubao vilevile, umeelekezwa kwa dereva. Kwenye taa nyekundu ya pili Nitafikiria aliichomoa fomu, akaichana vipande vinane, akavitia kwenye pipa la taka la kituo cha mafuta. Jumapili alipokwenda kufuta vioo, fomu ilikuwa kwenye ubao, imenyooka, herufi zake kubwa zikiwa palepale. Aliichana hiyo pia. Jumatatu asubuhi ilikuwepo. Hakushangaa; katika kazi yake alijua hakuna hati isiyo na nakala. Aliibandua, akaigeuza ili upande mtupu uwe juu, akaenda kumwita mama.

Mama alilizunguka gari mara moja, akagonga boneti kwa fimbo yake. "Hatimaye," alisema. "Nilidhani nitaliona nikiwa nimelala chali." Kwa jinsi alivyozoeleka, hiyo ilikuwa sifa, na mwanawe aliipokea. Mama aliingia nyuma, akapanga miguu yake iliyovimba, akamwona aliyekaa mbele. Mhudumu wa wodi wa miaka thelathini hahitaji kuambiwa.

"Hujambo, binti. Umefariki lini?"

"Sijambo, mama. Mwaka jana, Alhamisi."

"Pole. Ilikuwa nini?"

"Kifua."

"Kifua," mama alirudia, akitikisa kichwa. "Kifua kinatibika kikiwahiwa. Hospitali hukwenda?"

"Nilikuwa nangoja sahihi, mama."

"Mama, funga mkanda," alisema Nitafikiria, akaongeza mwendo.

"Ya nani?" aliuliza mama.

Dada Karibu hakumnyooshea mtu kidole. Aliigeuza fomu upande wenye maandishi, akaupitisha ubao juu ya bega lake kwenda nyuma, kama alivyozoea kuwapa wateja. Nitafikiria aliona kwenye kioo mkoba ukifunguliwa na miwani ikitoka. Akawasha redio. Mama alinyoosha fimbo kati ya viti viwili, akaizima redio kwa ncha ya fimbo.

Alisoma polepole. Alisoma jina, simu, leseni, saa. Alipofika kwenye mstari mtupu wa sahihi, akauwekea kidole, akakiacha hapo kwa kitambo.

"Mwandiko huu naujua," alisema. "Nimeuvulia viatu. Ulipokuwa unajifunza hizi herufi, mimi nilikuwa naenda zamu peku ili wewe upate daftari."

"Mama, kulikuwa na sharti la tisa."

"Nimelisoma."

"Linasema lolote."

"Si ndiyo. Lolote likatokea." Alivua miwani. "Alikwambia anaumwa?"

"Wauzaji wana maneno mengi, mama. Huwajui."

"Alikwambia anaumwa, hakukwambia?"

Nitafikiria alibadilisha gia. "Alisema hajisikii vizuri."

Walipoona ukuta wa hospitali, mama alirudisha miwani mkobani. Aliurudisha ubao mbele kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anavyorudisha chombo cha watu. Nitafikiria aliwasha taa ya kukunja kulia aingie getini, na hapo kwenye mstari wa geti, matairi ya mbele yakiwa yameugusa, injini ikazimika. Aliiwasha, ikakubali. Akatia gia, ikazimika. Askari wa hospitali alikuja akaangalia ndani, akamwona Dada Karibu, akaelewa.

"Huyu bado hajaruhusiwa kutoka kwao," alisema. "Hawezi kuingia kwetu. Sogea nyuma, unaziba njia."

"Ninaye mgonjwa."

"Wote wanao."

Dada Karibu aligeuka. "Saini hapa tu, kaka."

"Saini, mwanangu," alisema mama kutoka nyuma. "Tumefika. Ni mstari mmoja."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwake. Asubuhi ile aliitoa kwenye droo, mwenyewe hakujua kwa nini, akaitia kwenye shati, ya bluu, yenye jina la yadi. Aliitoa sasa. Alitazama ule mstari. Akaona tarehe ya mwaka jana pale juu, akaona saa, na miaka yake yote ya ofisini ikamwinukia. Anayesaini amekubali. Sahihi ya leo kwenye karatasi ya siku ile ni kukiri kwamba siku ile alikuwepo, aliombwa, na alikuwa na kalamu mkononi.

"Mama, hiki ni kitu cha kisheria."

"Nani atakushtaki? Huyu?"

"Huwezi kujua."

"Saini, nishushwe mlangoni. Miguu yangu unaiona."

Aliona haya mpaka masikio yakamwasha. Kalamu ilikaribia karatasi kiasi cha unene wa ukucha.

"Nitafikiria," alisema, na akairudisha mfukoni.

Mama alifungua mlango mwenyewe. Nitafikiria alitoka mbio akazunguka kumpa mkono. Mama aliuangalia ule mkono, kiganja mpaka kiwiko.

"Mkono huu ungekuwa unafanya kazi, ungesaini," alisema, akashika fimbo yake.

Kutoka geti la hospitali mpaka mlango wa chumba cha mashine ni uwanja wa changarawe usio na kivuli. Alikwenda peke yake, mkoba begani, akisimama kila baada ya kitambo kuvuta pumzi. Nitafikiria alisimama kando ya gari akamhesabia hatua, kwa sababu kuhesabu ndicho kitu alichokijua. Zilikuwa mia na kumi na nane.

Tangu hapo wanakwenda hivyo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mama anakaa nyuma, Dada Karibu mbele, na wanazungumza wao wawili njia nzima: maumivu, wauguzi wa zamani, bei ya viatu, mume ambaye Dada Karibu alimwacha akingojea simu. Dereva haulizwi kitu. Mama hamwiti tena mwanangu. Anamwita dereva, na si kwa ubaya, anavyosema, ila ndiyo kazi anayomfanyia. Siku gari linapokuwa nyumbani, mita hutembea saa tano na dakika arobaini kama kawaida, na sevisi inafika mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nitafikiria amewaandikia kiwanda barua mbili kuhusu jambo hilo na bado hajazituma.

Yadini kuna gari jipya la kujaribia, jekundu. Kuna muuzaji mpya, msichana mwenye kicheko. Fremu iko ukutani na kioo chake kinafutwa kila Ijumaa.

Kila wanapofika kwenye mstari wa geti, injini inazimika. Dada Karibu anageuza ubao. "Saini hapa tu, kaka." Kalamu iko mfukoni, haiachi tena nyumbani. Wakati mwingine huitoa, akaifungua, akasoma sharti la tisa kwa mara nyingine, kisha akasema lile neno lake, na mama hungoja mpaka alimalize ndipo afungue mlango.

Halafu anasimama kando ya gari na kijitabu chake. Umbali ni uleule, lakini hatua za mama zinafupika. Mwezi wa kwanza zilikuwa mia na kumi na nane. Wiki iliyopita, Jumatano, zilikuwa mia na arobaini na moja. Ijumaa hii zimefika mia na sabini na mbili, na pale katikati mama aliketi chini kwenye changarawe kwa muda, fimbo magotini, kabla ya kuinuka tena. Nitafikiria aliandika mia na sabini na mbili, akafunga kijitabu, akakifungua kuhakiki. Ilikuwa sahihi kabisa.